Mshipa Uliokuwa Ukivuma

Duka la vitenge la Sofia lilikuwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambako spika za wauzaji hushindana tangu asubuhi. Alishazoea kelele, akipatana bei na wateja kadhaa kwa mpigo mmoja bila kupandisha sauti. Ndiyo maana alipomwambia mumewe, Nurdin, kwamba sikio la kushoto linavuma, Nurdin alicheka.

"Kariakoo yote inavuma, mke wangu."

"Hii inatoka ndani. Fuu, fuu, fuu. Nikipanda ngazi inakimbia, nikikaa inatulia."

Muuza dawa alimpa matone ya kulainisha nta, hayakusaidia. Dada yake, Shadya, aliyekuja kutoka Lindi, alitaka wamtafute mtaalamu wa majini. Sofia alimkatalia kwa upole. "Dada, jini gani huyu anayehema nikipanda ngazi?" Kwenye zahanati moja aliambiwa ni kelele za mjini, azoee tu.

Hakuzoea. Siku moja, akijifuta jasho shingoni, vidole vilibonyeza chini ya taya na sauti ikakatika. Akaachia, ikarudi. Akabonyeza tena: kimya. Sofia akakaa juu ya robota la vitenge, hofu yote imemtoka. Kitu kinachozimwa na kidole, alijiambia, si wazimu. Kina mahali kilipo, na mahali panatafutika.

Wiki hiyohiyo akaenda na Nurdin kwa daktari wa masikio, mwanamke kijana aitwaye Angela. Akaeleza yote, kidole kikiwa palepale shingoni. Daktari hakubisha. Aliweka kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya sikio lake, akafumba macho, akasikiliza.

"Naisikia," alisema.

"Unaisikia wewe?" Sofia aliuliza.

"Vizuri kabisa. Baba, njoo nawe usikilize."

Nurdin alisikiliza. Alipovua kile kipimo hakuwa anacheka tena. "Nisamehe, mke wangu."

Daktari Angela aliwaeleza kwamba mlio wa sikio kwa kawaida husikiwa na mwenyewe tu. Huu wa kufuata mapigo ya moyo ni nadra, na mara nyingi ni damu inayopita kwenye mshipa ulio jirani na sikio. "Shingo usiibonyeze tena. Tupime damu, tupige picha ya kichwa, tujue hakuna kibaya."

Hakukuwa na kibaya. Mshipa ulikuwa mzima, ila mfupa unaoutenga na sikio ulikuwa mwembamba. Damu ndiyo ilikuwa imepungua sana, na damu ikipungua hupita kwa kasi na kelele zaidi. Sofia akapewa vidonge vya kuongeza damu, na hedhi nzito aliyokuwa akiivumilia kimyakimya nayo ikatibiwa. Akaambiwa pia kwamba kichwa kikimuuma sana au macho yakififia, arudi haraka.

Baada ya miezi michache mvumo ulishuka, ukabaki mnong'ono. Akajua namna ya kukaa nao: alilalia upande wa kulia, na nyumbani kwake Magomeni, kukiwa kimya mno, aliwasha feni au redio kwa sauti ndogo.

Shadya alipiga simu. "Jini ametoka?"

"Hajatoka, dada. Ni damu yangu inapita, itaenda wapi?"

"Na huogopi?"

"Nilikuwa naogopa nisichokijua," Sofia alisema, akimkunjulia mteja kitenge kwa mkono mmoja. "Sasa nakijua."