Mke Aliyesubiri Filamu Iishe

Fundi makochi yule walimwita Steringi, yaani nyota wa filamu, na jina hilo hakulipata kwa sura. Sura yake ilikuwa ya kawaida, tumbo limeanza kumtangulia, vidole vimejaa makovu ya misumari na gundi iliyogoma kutoka. Jina alilipata kwa mdomo. Ukimpelekea kochi lako lililobonyea, ungemkuta amebana misumari midogo kwenye pembe ya midomo na bado anaongea. Na anachoongea ni filamu za Holiwudi, hasa zile za mapenzi na safari za hatari, ambamo mwanamke wa mjini anapotelea msituni na mwanamume mkorofi, wanatukanana njia nzima, kisha wanakumbatiana juu ya daraja la kamba.

"Filamu ya msituni ina kipimo chake," alikuwa akimwambia seremala, rafiki yake wa siku nyingi aliyemtengenezea fremu za makochi. "Mwanamke akitoka mtoni nywele zimechanwa vizuri, zima hiyo televisheni ukalale. Lakini akitoka na tope mpaka masikioni, halafu yule bwana akamwangalia vilevile, basi kaa ulie."

"Kwani wewe unalia kweli?" seremala aliuliza, akipuliza vumbi la mbao kwenye randa.

"Nalia kama mtoto. Mwanamume asiyelia kwenye filamu nzuri, mwogope."

Filamu za mahakamani alizipenda kwa kuwa mtu anasimama, anaongea, na wote wananyamaza wamsikilize. Za wagonjwa alizipenda zaidi, ila alidai mgonjwa asife kabla hajasema neno la maana. Na mtu aliyemchukia kuliko majambazi wote ni mchumba wa kwanza, yule anayeachwa filamu ikiwa bado changa.

"Ana kazi, ana nyumba, hana kosa la kumshtakia," Steringi alisema. "Lakini mtazame anavyokula. Anakula huku macho yapo kwenye gazeti. Mwenzake anaongea, yeye anaitikia 'mmh'. Huyo lazima aachwe. Mimi simhurumii hata chembe."

Seremala alicheka, wateja wakacheka, na kochi likaisha.

Mkewe alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi mchana na unga umemganda kwenye nyusi. Miaka ya mwanzo walikuwa wakiangalia filamu pamoja, yeye kamwegemea mumewe begani, na mume akizisimamisha kila mara ili amweleze kwa nini hapa pametengenezwa vizuri na pale wamelipua kazi. Baadaye mke akawa anasinzia katikati. Baadaye zaidi akawa na pasi ya kupiga, au vyombo vya kuosha, au kichwa kinamuuma. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumbani sauti zilikuwa mbili tu, ya Steringi na ya televisheni. Steringi hakuona kwamba ya tatu imekoma.

Jumapili moja mchana, Steringi akiwa amejinyoosha kwenye kochi alilolishona mwenyewe, mkewe alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nina neno," alisema.

"Subiri kidogo, mama. Hii ndiyo sehemu yenyewe."

"Kidogo kiasi gani?"

"Imebaki hapa tu. Njoo ukae."

Akaja, akakaa. Steringi alifurahi, maana siku nyingi hakuwa amekaa naye. Kwenye televisheni mwanamume mmoja alikuwa akikimbia kwenye mvua kubwa kumwahi mwanamke kituo cha treni, na Steringi machozi yakamtiririka, akayafuta kwa mkono wa shati. Walipokwisha kukumbatiana na majina yakaanza kupanda, alimgeukia mkewe uso umelowa.

"Umeona? Umeona alivyoacha kila kitu?"

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Haya. Kiwanda kinafungua tawi kwenye mji mwingine, nami nimeomba uhamisho, nimekubaliwa. Naondoka Jumamosi. Naenda peke yangu, na sirudi."

Steringi alicheka kwanza. Kisha akautazama uso wa mkewe, akaacha.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Huyo mwanamume."

"Hakuna mwanamume."

"Mwanamke haondoki hivihivi. Lazima kuna mtu."

"Kwenye hizo zako ndiyo lazima kuna mtu," mkewe alisema, "maana bila mtu hawana cha kutuonyesha. Mimi sina mtu. Nimechoka."

"Umechoka na nini? Nimekupiga? Nimekunyima? Nimelala nje hata siku moja?"

Mkewe alikikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mama yangu alipokuwa wodini," alisema, "ameshaanza kukoroma ule mkoromo wa mwisho, mimi nimemshika mkono, ukaniinamia sikioni. Nikajua unataka kunipa pole. Ukaniambia kwenye filamu mgonjwa kama huyu wangemlaza karibu na dirisha, mwanga umpige usoni. Mama anakata roho, wewe unamtafutia mwanga."

"Nilikuwa najaribu tu..."

"Ngoja nimalize, mimi nimesubiri yako imalizike. Tukamzika, hukutoa chozi. Nikajisemea, labda ndivyo alivyo, machozi yake yako ndani. Wiki ileile nikarudi kutoka kazini nikakukuta hapohapo ulipokaa, unalia kwa kwikwi. Unamlilia mama wa kwenye filamu. Mtu aliyelipwa afe."

Akainuka akaenda jikoni. Steringi alibaki ameshika rimoti, na badala ya kuyatafakari yale aliyoambiwa, akili yake ikaanza kumtafuta mwanamume.

Haikuchukua muda kumpata. Alikuwepo dereva wa gari la mikate, ambaye siku za mvua alikuwa akimshusha mkewe karibu na nyumbani. Kijana mrefu, mabega mapana, taulo shingoni. Kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye filamu, huyo alishaonekana tangu mwanzo, ni Steringi tu aliyekuwa kasinzia. Jumatano akaacha kazi, akaenda mpaka geti la kiwanda na hasira zake zote. Akamkuta dereva anapakia trei za mikate.

"Wewe ndiye?" alimuuliza.

"Ndiye nani, kaka?"

"Unayemchukua mke wangu."

Wapakiaji waliposikia hivyo waliacha kazi. Dereva akamtazama juu mpaka chini, akamtambua, na badala ya kukunja ngumi akashusha trei taratibu.

"Shemeji, mimi nampa lifti kwa sababu njia yangu ndiyo hiyo. Anakaa nyuma na trei, muulize yeyote hapa. Na njia nzima huwa haongei." Akajifuta jasho, akaonekana kama anapima aseme au asiseme. "Ila kuna siku mvua ilikuwa inamwagika kweli, nikataka nimfikishe mlangoni. Akakataa. Akasema nimwache kwenye kona, azunguke kidogo kabla hajaingia ndani."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye mvua, shemeji."

Hapo mkewe akatokeza mlangoni kwa ndani, aproni imejaa unga, pengine kaitwa. Alimwona mumewe, akaona wapakiaji wamesimama midomo wazi, akajua kila kitu bila kuambiwa. Aligeuka akarudi kwenye tanuri zake. Steringi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku zilizobaki waliishi kama wapangaji wawili. Jumamosi asubuhi mke alikuwa akifunga mizigo, na mume, kwa kiburi au kwa woga, akajifanya hamnazo, akaenda karakana kugonga misumari. Aligonga, akagonga, mara nyundo ikasimama hewani. Uso ukamng'aa. Kwa nini hakuliona mapema? Filamu zote alizoziona maisha yake zilikuwa zikimfundisha kitu kimoja.

"Anaondoka na basi la saa ngapi?" seremala aliuliza, akiwa ameshamwelewa.

"La saa nne."

"Chukua pikipiki yangu. Utawahi."

"Hapana," Steringi alisema, akifungua aproni na kuitupa. "Lazima nikimbie."

Seremala alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Steringi akatimua mbio. Akapita sokoni, akapita shuleni, akavuka barabara kubwa madereva wakimtukana. Kabla hajafika nusu, kichomi kikamshika ubavuni, akawa anakimbia huku amejikunja, jasho linamwingia machoni. Kituoni alilikuta basi linaunguruma, mkewe ameshakaa dirishani. Akaliparamia dirisha kwa mikono miwili.

"Usiende!" alisema, akihema. "Nilikuwa kipofu. Nimepanda kila kilele nikitafuta jua, kumbe jua lilikuwa limekaa kando yangu. Ukienda, chukua na moyo wangu uuweke kwenye mizigo, maana mimi hapa sina kazi nao!"

Basi zima likanyamaza. Abiria mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Jamani!" na kondakta, ambaye naye alikuwa na roho ya huruma, akapiga bati kwa kiganja.

"Dada, shuka bwana! Mwenzio anakufa huku!"

Mkewe alimtazama Steringi bila hasira. Hilo ndilo lililomtisha.

"Hayo ni ya yule mpanda mlima," alisema.

"Mpanda mlima gani?"

"Anamwambia yule daktari kwenye theluji. Uliirudisha nyuma mara mbili ili nisikie vizuri. Nilikuwa napiga pasi."

Abiria wa simu alicheka kidogo. Steringi masikio yakamwaka moto.

"Lakini hata kama ni yake, mimi nayamaanisha!"

"Inawezekana," mkewe alisema. Akasogea, uso wake ukawa karibu kabisa na chuma cha dirisha. "Basi niambie la kwako. Moja tu, hata liwe baya. Nasikiliza."

Na kweli alikuwa anasikiliza. Steringi alikuja kuliona hilo baadaye sana, kwamba pale dirishani mlango ulikuwa haujafungwa. Alipekua kifuani mwake. Kila neno aliloligusa lilikuja na muziki nyuma yake, na sauti ya mtu mwingine. Dereva akakanyaga mafuta, basi likatikisika, kondakta akadandia mlangoni. Steringi akaona linakwenda, akababaika, na neno lake mwenyewe likamtoka.

"Funguo ya kabati umeiweka wapi?"

Kicheko kililipuka nyuma ya basi. Mkewe hakucheka. Macho yake, yaliyokuwa makavu tangu Jumapili, yakajaa.

"Juu ya friji," alimjibu, na basi likaondoka.

Ile video ilizunguka simu hadi simu. Watu wa mtaani waliacha kumwita Steringi, wakawa wanamwita Funguo, mwanzoni kwa kificho, halafu waziwazi. Seremala peke yake hakumtania. Siku moja tu, wakiwa wanavuta kitambaa kwenye kochi la watu watatu, alisema bila kuinua kichwa, "Yule mchumba wa kwanza uliyekuwa unamsema, sasa hivi ungemhurumia?" Steringi akaendelea kuvuta kitambaa kama hakusikia. Kilichanika.

Filamu hakuziacha, asikudanganye mtu. Aliziangalia vilevile, ila machozi yaligoma. Mteja akimuuliza ipi nzuri, alimjibu kwa ukali.

"Takataka zote. Wanakata palepale wanapokumbatiana. Hawakuonyeshi kesho yake, mmoja anatafuta soksi na mwingine anaongea na hasikilizwi. Wanajua wakionyesha hiyo, utadai kiingilio chako."

Baada ya masika kuisha alipanda basi akaenda kumtazama. Alijiapiza njiani asiandae hotuba yoyote, na akafika bila hata salamu. Alielekezwa kwenye safu ya vyumba vinavyotazama ua mmoja. Kabla hajaingia uani akasikia mwanamke anacheka, kicheko kikubwa cha kukatika mbavu, kinachoishia kwa kukoroma puani. Akadhani ni jirani. Alipokata kona akaona ni mkewe, amekaa kwenye ngazi na mwanamke mwenzake, wanamenya vitunguu. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukisikia kicheko kile.

"Karibu, mgeni," mkewe alisema, akamtolea kiti cha plastiki.

Jirani akaaga kwa adabu. Steringi akakaa, akapewa maji, akayanywa yote.

"Kazini unafanya nini hasa?" aliuliza. Swali lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Nasimamia tanuri."

"Wamekupandisha huku?"

"Kulekule. Nilipanda mama akiwa bado hai. Alifurahi sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," mkewe alisema. "Ukasema 'mmh'."

Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa akiburuta gari la kopo uani, na hakuna aliyemkataza.

"Naweza kuja tena?" Steringi aliuliza.

"Kufanya nini?"

Hakumuuliza kwa ubaya. Alimuuliza kama mtu anayetaka kujua. Steringi aliukodolea macho ukingo wa kile kiti, ulikuwa umepasuka, akawa anaupapasa kwa kidole kama fundi apimavyo kazi.

Mkewe akamsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono, akarudi ndani upesi kwa sababu alikuwa na vitunguu vyake. Mkewe alipodai talaka, Steringi hakubisha. Siku ya kuikamilisha, karani wa mahakama, ambaye hakuwa na haraka, alimuuliza kama ana jambo lolote la kusema.

"Sina," alisema, na lilikuwa neno lake mwenyewe.