Amina ya Alhamisi

Agneta alikuwa ameshaamua. Wakimaliza kusali, kabla chai haijapoa, angewaambia wanawake wenzake wamtafute kiongozi mwingine, na Alhamisi nyingine wasimtarajie. Mtu asiye na sala moyoni anakwenda kwenye sala kufanya nini?

Si kwamba alikuwa amemkasirikia Mungu. Hasira inataka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Mwaka ule, wakati Changamwe nzima haina neno jingine mdomoni ila uhuru, Agneta alikuwa akiamka gizani kupika uji wa kuwauzia vibarua waliokuwa wakijenga mtambo wa mafuta. Akirudi nyumbani Chaani, anamkuta mama mkwe wake, Bibi Nafula, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza tangu Pasaka. Amwoshe, amgeuze, amlishe. Mumewe, Kefa, alikuwa mtu wa gari moshi, leo Voi, kesho Nairobi, na watoto ni watoto. Jioni akipiga magoti na kufungua kinywa, neno halitoki. Naye alikuwa hodari wa kuomba, huyo. Zamani akianza yeye, hata wenye haraka walisahau walikokuwa wakienda. Sasa alijiona kama kisima kilichokauka, na watu bado wanakipangia foleni na madebe yao.

Kundi lao lilikuwa na desturi. Kila Alhamisi alasiri sala ilihamia nyumba ya mmoja wao, na mwenye nyumba ndiye aliyeifunga. Mpaka aseme Amina, hakuna anayenyanyua goti. Desturi hiyo walikuja nayo kutoka bara, na huku Mombasa wakaishika kwa ukali kuliko hata huko kwao.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Agneta. Wanawake walibanana chumbani, wakapiga magoti kukizunguka kitanda cha Bibi Nafula. Pascalia, ambaye kwake sala fupi ni dharau, aliombea uhuru, mvua na wagonjwa, halafu akarudi tena kwenye uhuru. Rosalia, mnene wa watu, aliomba haraka haraka kwa sababu ya magoti yake mabovu. Kisha wakamngoja mwenye nyumba afunge.

Agneta aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa godoro. "Baba yetu uliye karibu nasi," alianza.

Alipofumbua macho, shavu lilikuwa limechorwa mistari na shuka, na jua lilikuwa limehama dirishani. Kichwani mwake palikuwa na mkono. Ulikuwa mkono wa Bibi Nafula, ule mmoja uliobaki mzima. Wanawake wote walikuwa wangali wamepiga magoti.

"Nimelala," Agneta alisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Tumesikia," Rosalia alijibu, jasho likimtiririka. "Unakoroma, dada."

"Mbona hamkuniamsha?"

Pascalia alimwelekezea Bibi Nafula kidevu. "Nilinyoosha mkono nikuguse, nikakatwa jicho. Basi tukakuombea wewe, mmoja mmoja, kwa kunong'ona. Tukamaliza, tukaanza upya. Tungefanya nini, na Amina hujasema?"

Nje kulisikika mchi ukitwanga. Hapo ndipo Agneta alipokumbuka nguo zake kambani na mtama wa uji wa kesho, akataka kuinuka. Lakini mlangoni alichungulia Mwanatatu, jirani yao, mama mtu mzima mzaliwa wa Jomvu Kuu. Alikuwa amekuja kurudisha ungo, akawakuta Wakristo wamemzunguka mwenzao aliyelala, akaenda kuushika mchi.

"Shikamoo, Mama," Agneta alisema, bado yuko chini.

"Marahaba, mwanangu. Nguo zako nimezianua, kulikuwa na manyunyu. Mtama nao u karibu kwisha, inshallah. Nyinyi endeleeni na Mola wenu." Akarudi kwenye kinu chake.

Agneta alishindwa kujizuia, akalia. Akalisema lile neno lake papo hapo, bila kungoja chai. "Nilitaka kuwaambia leo kwamba naacha. Nikipiga magoti siku hizi sipati la kusema. Yamekwisha."

Hakuna aliyemkemea. Bibi Nafula ndiye aliyejibu, ulimi wake mzito ukiburuta kila neno. "Ya kusema… tunayo sisi. Wewe… funga tu."

Agneta aliinamisha kichwa chini ya mkono ule. Hakutafuta maneno mazuri. "Amina," alisema, na ilitoka kulekule zilikokuwa zikitoka sala zake zamani. Akafurahi, furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Ikawa kazi kunyanyuka. Wawili walimvuta Rosalia, naye akilalamika kwamba mbinguni atadai magoti mapya. Chai walikunywa ikiwa baridi, na Mwanatatu akapelekewa yake kinuni.

Walipokwisha kuondoka, Agneta alimgeuza mama mkwe wake na kumnyoosha shuka.

"Alhamisi ijayo… kwa nani?" Bibi Nafula aliuliza.

"Kwa Rosalia, Mama."

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Mwambie… akuwekee mto."