Serebelamu ya Mbuzi

Anatomia niliifeli kwa kiburi. Mifupa naijua, misuli naijua, nikadhani ubongo nao utajijua wenyewe. Chuo chetu cha utabibu hapa Mtwara hakina masihara: ukifeli na marudio, unafungasha. Na mimi, Fauzia binti Alawi, ningefungasha kwenda wapi? Kijijini mama alishatangaza kwamba bintiye ni daktari. Watu wakaanza kumpelekea vidonda vyao avitazame yeye, kwa kuwa ndiye aliyenizaa.

Kilichonishinda ni shina la ubongo, kile kipande kinachouunganisha ubongo na uti wa mgongo. Kitabuni kimejaa mishale mpaka unasinzia. Nikamwendea mjomba Hemedi, anayeuza supu ya vichwa vya mbuzi mtaa wa Shangani, hapa hapa mjini.

"Shikamoo, mjomba. Naomba kuvitazama vichwa kabla hujavitia sufuriani."

"Marahaba. Mbuzi wamefanya kosa gani?"

Wiki mbili nzima, kila baada ya sala ya alfajiri, mjomba alipasua fuvu kwa shoka dogo, akaliweka ubaoni, pua mbele, nami nikamsomea somo langu. "Huu ubongo wa kati. Nyuma yake ponsi, hii iliyotuna. Nyuma zaidi medula, inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo. Na juu yake serebelamu, yenye vikunjo vyembamba, inayotuzuia tusipepesuke."

"Na akili iko wapi?"

"Huku mbele, mjomba."

"Ya huyu ilikuwa ndogo. Mchinjaji wangu Sudi anasema alikwenda machinjioni bila kuburutwa."

Siku ya marudio, mtihani wa mdomo, niliingia nimejaa vichwa vya mbuzi mpaka kooni. Madam Felista, mwalimu wetu wa anatomia, hakunipa hata nafasi ya kukaa vizuri.

"Mtu amesimama. Serebelamu yake iko wapi ukilinganisha na ponsi?"

"Juu, Madam."

Akaweka kalamu mezani. "Juu?"

Ningeweza kuapa kwamba iko juu, nimeishika kwa mikono yangu. Kisha nikakumbuka niliyemshika alikuwa na miguu minne.

"Madam, nimejibu ya mbuzi. Naomba kujibu ya mtu."

Sikusubiri ruhusa. Nilipiga magoti na koti langu jeupe, nikaweka viganja sakafuni, nikainua uso kumtazama. "Hivi iko juu." Nikainuka polepole, mkono kisogoni. "Uso bado unatazama mbele, lakini shina sasa linashuka chini. Kwa hiyo serebelamu iko nyuma ya ponsi."

"Na nini kilichoukunja ubongo wa huyo mtu?"

"Tumboni mwa mama, Madam. Ubongo unaanza kama mrija, unatoa vifuko vitatu, baadaye vinakuwa vitano. Mrija wenyewe unajikunja. Wa mbuzi hurudi kunyooka zaidi, wa kwetu unabaki na kona."

Hakutabasamu. Madam Felista hatabasamu hata siku ya mshahara.

"Mgonjwa wako hatakuja amesimama," alisema. "Ameanguka kwenye bodaboda, wamemlaza chali mbele yako. Iko wapi?"

Hapo hakuna mbuzi wa kunisaidia, maana sijapata kumwona mbuzi aliyelala chali kwa hiari. Nikafumba macho, nikamlaza mtu kitandani, pua juu, kisogo kwenye mto.

"Bado iko nyuma ya ponsi, Madam. Ila kwa kuwa amelala, nyuma yake ndiyo chini. Nisimgeuze shingo wala kumwinua kichwa ovyo."

"Kwa nini usimwinue? Hilo sikukuuliza."

"Kwa sababu shingo inaweza kuwa imevunjika, na medula iko hapo hapo juu yake. Ikiumia, pumzi inakatika. Naye ni mtoto wa mtu."

Akaandika kitu, akasaini, akanigeuzia karatasi. Nimefaulu. Nikalia pale pale mbele yake, bila haya. Hofu ya kufungasha ilikuwa imenitoka. Niliyekuwa namlilia ni yule mtu wa kitandani, ambaye sasa ni mgonjwa wangu kweli.