Kisogo cha Kaka

Watu walimwita Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Alikuwa na chumba kidogo cha ushonaji, vyerehani viwili, na kitambaa kichwani ambacho wateja walidhani ni urembo. Kumbe chini yake nywele za mbele, kuanzia sikio hadi sikio, zilikuwa zimekimbia zisirudi.

Sababu aliijua. Tangu utotoni alisukwa misuko ya kubana mpaka macho yakamtoka, na akiulizwa kama inauma anasema haiumi, asije akaambiwa anadeka. Alipokuja kuiacha, ngozi ya panja zake ilikuwa laini kama mkono wa kikombe.

Ikafika siku akapiga moyo konde, akaenda kwa daktari. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Alimpapasa panja kwa ncha ya kidole, akaitazama kwa lenzi yenye taa.

"Hapa mizizi imekufa," alisema bila kuzunguka. "Dawa ya kupaka itakupotezea muda tu. Lakini kisogoni umejaliwa. Tunaweza kuzihamisha."

"Kwa kuzing'oa?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza, tunakata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, tunashona, kisha ule ukanda tunauchambua mzizi mmoja mmoja na kupanda huku mbele. Hatukunyoi. Linabaki kovu moja, kama mstari, na nywele zako za nyuma zinalifunika. Ya pili, tunachomoa mzizi mmoja mmoja kwa sindano nene yenye tundu. Hakuna kushona. Vinabaki vidoa vidogo vilivyotawanyika. Lakini lazima tunyoe, na nywele za kujikunja kama zetu, hata mizizi imejikunja ndani ya ngozi. Sindano ikienda wima, inaikata."

"Kwa hiyo hakuna isiyoacha kovu?"

"Hakuna. Mtu akikwambia ipo, mkimbie."

Pindo alicheka. Moyoni alikuwa ameshaelekea kwenye ukanda. Mshono ni kitu anachokielewa; vidoa vya sindano havikumwingia akilini.

"Usiniambie leo," daktari alisema. "Nenda ukaulize nyumbani. Kuna ndugu ambaye vidonda vyake vinapona vibaya, kovu linaota nyama? Hilo nataka kulijua kabla sijashika kisu."

Ndugu alikuwepo mmoja, kaka yake mkubwa, fundi vigae. Miaka mingi nyuma aliaga kwamba anakwenda kupandikiza nywele, akarudi ana nywele mbele na kofia ya kufuma kichwani. Tangu hapo hakuna aliyekiona kisogo chake. Wifi alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na watu wawili, bwana na kofia yake. Kila mtu alicheka isipokuwa kaka, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza.

Pindo alimfuata kazini, kwenye nyumba isiyohamiwa, akamkuta kapiga magoti bafuni anagongagonga kigae kwa nyundo ya mpira.

"Kaka, nina neno. Usinikasirikie."

Akamweleza yote. Kaka hakuinua kichwa. Aligonga kigae kile hata kilipokuwa kimeshakaa sawa. Halafu akanyanyuka, akanawa mikono kwenye ndoo taratibu, akavua kofia na kumgeuzia mgongo.

Kovu lilitoka sikio moja hadi jingine, pana kama kidole cha mwisho, linang'aa, halina hata unywele. Pindo alisogea. Halikuwa limevimba. Lilikuwa limetanuka, kama mshono wa suruali inayombana mtu akalazimisha kuchuchumaa.

"Huu umevutwa," alisema.

"Niliambiwa nisiiname. Nami kazi yangu yote ni kuinama, na mwenye nyumba ananisubiri. Nikajifunga kitambaa, nikarudi kwenye vigae. Unaniona kituko, eh?"

"Mimi? Mwenzio nalala na kitambaa kichwani."

Kaka alicheka, cheko fupi la puani, na mabega yake yakashuka. Ndipo Pindo alipojitazama. Naye anashinda ameinamia cherehani, shingo imekunjwa tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga.

Walirudi kwa daktari pamoja. Kaka alivua kofia kabla ya kuambiwa, ingawa masikio yalimwiva kwa aibu. Daktari alilipapasa lile kovu, akatikisa kichwa kuafiki.

"Halijaota nyama, hiyo ni habari njema kwenu wote wawili. Ila kwa shingo ya fundi cherehani, mshono huu nauogopa. Tujaribu sindano kwanza, mizizi michache nyuma ya sikio, tuone kama inatoka mizima na ngozi inaponaje."

Ikatoka mizima, karibu yote. Ngozi ikapona ikiwa bapa. Siku ya kazi yenyewe wakamnyoa kisogo kama dirisha tu, nywele za juu zikaachwa ziliangukie. Alilala kifudifudi, kichwa kimekufa ganzi, akisikiliza wauguzi wakibishana kuhusu bei ya vitunguu.

Baada ya wiki kadhaa zile nywele mpya zikadondoka zote. Pindo alimpigia kaka simu. "Zimekwenda! Nimeumia bure!"

"Tulia, mdogo wangu. Hata zangu zilidondoka. Mizizi imebaki, inapumzika. Kwani hawakukwambia?"

Walimwambia. Alisahau. Miezi ikapita, zikaanza kuchungulia, nyembamba kama za mtoto, kisha zikakaza. Panja ya kushoto haikujaa kama ya kulia. Wifi alimpekua kisogo, akakuta vidoa vyeupe, vidogo kama tundu za sindano kwenye kitambaa kilichofumuliwa. Havionekani mpaka uvitafute.

Siku moja kaka aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo mizizi inaweza kupandwa juu ya kovu. Pindo alimpeleka mwenyewe. Daktari alisema inawezekana, ila kwenye kovu si yote itashika. Kaka akasema hata nusu inamtosha.

Safari hii, alipokwisha kupandwa, hakuruhusiwa kukaribia kigae. Pindo alimkalisha kwake, kiti cha mgongo mrefu, shingo wima, akampa kazi ya kupanga vifungo kwa rangi. Alivipanga vibaya. Wateja walipoingia aliwaambia rinda fulani litawapendeza, rinda fulani halitawapendeza, na wawili wakanuna. Pindo alimkemea bila kugeuka, mguu uko kwenye cherehani, kaka akajibu kwamba yeye anasema ukweli tu, kisha akaomba chai.