Milango Iliyokwisha Kujibu

Mwaka wa sitini na moja, wakubwa wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, walitaka kujua kama wananchi wanaipenda nchi yao mpya. Haya makubwa! Mtu humuuliza mchumba kabla ya ndoa, hawa waliuliza harusi ikiwa imekwisha.

Kazi ya kuuliza ilimwangukia karani Lucien Mwaba, mwenyeji wa Élisabethville. Apige hodi, aulize swali moja, aandike jibu, kisha achore msalaba wa chaki mlangoni ili nyumba isiulizwe mara mbili. Mkubwa wake, Zéphirin, alimpa karatasi akamwambia, "Mulango yenye chaki uiache. Ilishajibu."

Mke wa Lucien, Kapinga, alikuwa mtoto wa Kasai, na watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga. Ndugu zake wote walikwisha kukimbilia kambini, nje ya mji, naye mizigo aliifunga tangu Jumapili.

"Tuende, Lucien."

"Ngoja kwanza. Leo nitauliza bantu mimi mwenyewe. Kama hawatuchukii, tunabaki."

Aliziamini karatasi zile, maskini, kama mgonjwa anavyoamini dawa.

Barabara ya kwanza, kila mlango ulikuwa na chaki. Akapiga hodi hata hivyo. Kimya. Akausukuma mlango wa Mama Hortense, Mkasai aliyezoea kukaanga maandazi barazani. Ndani hamkuwa na mtu. Kwenye jiko lililozimika palikuwa na chungu, na bukari, ugali wa huko, ndani yake umekauka na kupasuka. Watu hawaachi chakula jikoni hivihivi.

Akatazama karatasi aliyopewa; ilikuwa imekwisha kujazwa. Nyumba ya Hortense, watu sita, wote ndiyo. Jumatatu.

Jumatatu jioni alinunua maandazi kwa mama huyo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu, wala mlango wake haukuwa na chaki. Jumatano vijana wenye mapanga walipita barabara hii; ndio waliomfukuza. Basi jibu lake liliandikwa akiwa bado yupo, na mwandishi alijua kwamba hatakuwepo kulikana.

Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, barabara nzima, na hata jogoo hakuwika. Lucien aliona aibu, kisha akaogopa, akaanza kukimbia.

Saa kumi alifika kwake. Msalaba ulikuwa mlangoni, unga wa chaki bado mweupe kizingitini.

Kapinga alikuwa jikoni akisonga bukari.

"Nani alikuja?"

"Hakuna muntu. Niko hapa tangu asubuhi, sikusikia hodi."

Lucien akafunua ukurasa wa mwisho, ambao hakuwa ameusoma. Nyumba ya Mwaba, watu wawili, wote ndiyo. Leo.

"Beba mizigo," alisema.

"Na chakula?"

"Acha."

Wakatokea mlango wa nyuma. Walipofika kona, wakasikia mtu akipiga hodi kwao, mara tatu, kwa adabu, kisha akaingia bila kungoja kuitikiwa.