Pale Sauti Inapopanda

"Zima! Zima hiyo mashine, Mzee Gervasi, inaingia mpaka kwenye wimbo!"

Gervasi hakuzima. Alichukua gunia jingine lililoloweshwa maji, akalitandaza juu ya mbao zilizofunika shimo, na mngurumo wa jenereta ukashuka, ukawa kama wa mtu anayekoroma nyumba ya jirani.

"Sasa?"

Swaibu, mwenye duka la kanda hapo Ujiji, alitega sikio dirishani. "Sasa afadhali. Usiondoke hapo."

Shimo alilichimba Gervasi mwenyewe, nyuma ya nyumba, mbali kadiri waya ulivyofika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza umeme na kutengeneza kimya. Umeme wa mji wakubwa waligawana wanavyojua wao. Ndani, kwenye chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, binti aitwaye Shadia, aliyevuka ziwa akikimbia vita vya ng'ambo, alikuwa anarekodi kanda yake ya kwanza. Ulibaki wimbo mmoja. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha jioni ile, na kama angepewa kingine, hakuna aliyejua. Wanaotoa vibali kila siku huamka na roho nyingine.

Gervasi alikuwa hajausikia hata wimbo mmoja. Waliotoka ndani walitoka wakitikisa vichwa.

"Anaimba nini?" aliwauliza.

"We acha tu, mzee."

Jibu gani hilo?

Shadia alitoka kunywa maji. "Papa Gervasi, unaichunga hiyo mashine kama mama mkwe."

"Mama mkwe wangu alinipa chakula. Hii inakunywa tu." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Huo wa mwisho unahusu nini?"

"Mama yangu. Tulikuwa tumeshapanda mtumbwi, akasema anarudi kufunga mlango wa nyumba." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Namuuliza tu kama aliufunga."

Akarudi ndani. Gervasi alimimina petroli ya mwisho, akanusa mfuniko. Mafuta ya taa yalikuwa yamekorogwa humo. Alitema mate. Mkewe Eufrasia alifia juu ya meza ya upasuaji taa zilipozimika, kwa sababu dizeli ya hospitali ilikuwa inazunguka mjini ndani ya magari ya waheshimiwa. Tangu siku ile hakuwahi kunusa mafuta bila kumfikiria aliyeyashika kabla yake.

Wimbo ulikuwa katikati mashine ilipokohoa.

Akazitupa mbao, akaingiza mkono kwenye joto, akauvuta kwa vidole waya wa kuongeza mafuta. Jenereta likalegea. Taa ya dirishani ikawa nyekundu kama kaa. "Usife," aliliambia, "usife, mshenzi wewe." Vidole viliungua, hakuachia. Mashine ikavuta pumzi, ikakohoa tena, ikarudia mngurumo wake.

Muda si mrefu Swaibu aliita. "Njoo usikie kabla jenereta halijazimika!"

Kwa mara ya kwanza Gervasi alikanyaga chumba kile. Rekoda kuukuu la misheni lilizungusha kanda. Sauti ilikuwa nzito na tulivu, ikimuuliza mama yake swali moja. Kisha, kwenye neno *mlango*, sauti ikapanda pamoja na gitaa, ikawa nyembamba, ikapita pale koo la mtu linapokomea, halafu ikateremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Imeharibika," Swaibu alisema. "Umeme ulilegea, kanda ikanasa sauti huku ikizunguka polepole. Ukiicheza kwa mwendo wake, sauti inapanda. Turudie."

"Kwa petroli ipi?" Gervasi alimuuliza. "Nenda kawaombe walioikoroga."

"Basi tuutoe huu wimbo."

Shadia alisogelea rekoda. Barabarani, lori la kambi lilipiga honi.

"Irudishe nyuma kidogo," alisema. Akasikiliza tena, mkono kooni. "Mimi sikuimba hivi." Honi ikapigwa tena. Akaokota viatu vyake. "Uache hivyo hivyo, kaka Swaibu. Ukiutoa huo, toa zote."

Kanda ikauzwa Ujiji, ikashuka ufukweni Katonga, ikavuka ziwa ndani ya maboti. Wanawake walioanika dagaa walijaribu kupandisha sauti pale na kuishia kukohoa na kucheka. Vijana wa kwa kinyozi walishindana mpaka sauti zikakauka. Mwalimu mmoja wa kwaya alieleza kwa urefu kwamba ni ufundi wa ng'ambo, unafundishwa utotoni. Gervasi alimsikiliza hadi mwisho, akaenda zake. Yeye alikuwa na swali jingine: Shadia mwenyewe, akisimama mbele za watu, pale anafanya nini?

Mvua zikaja zikapita. Swaibu alipomwoza dada yake Asia huko Buzebazeba, wakubwa wa kambi walikubali kumtoa Shadia kwa siku moja, maana na wao walialikwa.

"Mzee, jenereta ni lako," Swaibu alisema.

"Tafuta mwingine. Leo nasikiliza."

Akapenya katikati ya viti vya waheshimiwa, akasimama mbele, vidole vyenye makovu vimeshikana. Shadia aliimba jua likiwa bado juu. Swali la mama lilipokaribia neno lile, mpiga gitaa alimtazama. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja aliyebeba sinia la pilau akasimama alipofika.

Shadia alifumba macho, akavuta pumzi.

Gervasi naye akavuta yake, akaizuia kifuani.