Dereva Mmoja Tu

Swali la kwanza ambalo Fundi Saa alimuuliza binti yake baada ya ajali lilikuwa, "Umegonga upande gani?"

"Wa kushoto," binti akajibu kwenye simu. "Nadhani mkono umevunjika, Baba. Hauinuki."

"Nauliza gari."

Nyuma ya binti zilisikika sauti za watu waliojazana na mtu mmoja akipiga kelele lori lizuiwe. Kisha binti akasema, "Gari nalo ni kushoto," akakata simu.

Fundi Saa alikuwa amejilaza sebuleni, kitambaa chenye maji kipajini, presha imempanda tangu alfajiri. Aliinuka, akavaa viatu bila soksi, akatoka mbio kama kijana. Mkewe alimkuta getini akihangaika kutafuta teksi. Alipoulizwa kulikoni, alisema, "Wameliumiza gari." Habari ya mkono mkewe aliipata saa mbili baadaye, kutoka kwa muuguzi aliyempigia simu akiwa hospitalini.

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, rangi ya maziwa, la mwaka wa sitini na mbili. Alilinunua likiwa gofu, kuku wanalala ndani, kwa mjane wa daktari mmoja ambaye yeye alikuwa akimtengenezea saa. Miaka kumi na mbili alilihangaikia. Mchana alikuwa kwenye kibanda chake cha vioo mlangoni mwa duka la dawa, akifungua saa za watu kwa koleo dogo. Jioni alikuwa chini ya gari. Vipuri viliagizwa kutoka nje, vingine alivichonga mwenyewe. Mkewe alilibatiza jina. "Mke mwenzangu kaoga leo?" angeuliza akimwona na ndoo na kitambaa, na wote wangecheka. Baada ya muda aliendelea kuuliza vilevile, ila hakuna aliyecheka.

Siku ya ajali, fundi bodi aitwaye Nyundo alikuwa na miadi naye. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umefika baada ya kungojewa miezi saba, na ilikuwa lazima uvalishwe gari likiwepo. Lakini presha ilimwangusha Fundi Saa. Binti yake, mkunga katika hospitali ya serikali, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku, hata viatu hajavua.

"Baba, usingizi umenishika vibaya. Nitalipeleka kesho."

"Kesho Nyundo ana kazi nyingine. Nenda polepole, usizidi hamsini, utalala ukirudi."

Akamwekea ufunguo kiganjani kwa mkono wake mwenyewe. Tena akampigia Nyundo simu: "Namtuma binti yangu, mpokee." Nusu saa baadaye, mvua ikinyesha, lori la mchanga lilitoka kwenye uchochoro bila kuangalia. Binti alilikwepa akagonga nguzo ya daraja. Lori halikusimama.

Siku ya tatu, mkadiriaji wa kampuni ya bima alikuja kwenye karakana ya Nyundo. Alikuwa mtu mpole, wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, na alitandika gunia kabla ya kupiga magoti. Alipiga picha madigadi iliyojikunja kama karatasi, akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye ufa wa kioo. Fundi Saa alimfuata hatua kwa hatua kama mtu aliyeleta mgonjwa.

"Mzee, gari hili ulilitunza," mkadiriaji alisema, na ilionekana anamaanisha. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Binti yangu."

Mkadiriaji akafunga daftari lake taratibu. "Unaujua mkataba wako? Hii ni bima ya magari ya kale. Dereva ni mmoja tu, wewe. Akiendesha mwingine kwa ruhusa yako, kampuni haitoi hata senti ya msumari."

"Nilikuwa naumwa."

"Pole sana. Lakini hakuna mahali pa kuandika kuumwa." Akatazama kushoto na kulia. Nyundo alikuwa mbali kidogo, kajiinamia kwenye bati, akigonga. "Nilisema kwa ruhusa yako. Kama alilichukua bila ruhusa, hilo ni jambo lingine. Huo ni wizi, na wizi umo ndani ya mkataba. Sikufundishi maneno, mzee. Nakusomea tu kilichoandikwa."

Jioni ile Fundi Saa aliingia chumbani kwa binti yake. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, mama yake akimmenyea chungwa. Akayazungusha maneno weee, mpaka mkewe akamwambia aseme linalomleta.

"Ni karatasi tu," alisema. "Inaandikwa kwamba hukuniambia. Inawekwa kwenye faili, basi, inalala huko."

"Inaandikwa kwamba nimeiba," binti akasema.

"Umechukua bila kuaga. Mtoto kuchukua gari la baba yake ni wizi huo?"

"Sasa mbona lazima iende polisi?"

Mkewe aliweka kisu chini. "Wewe ndiye uliyemtoa kitandani. Mimi nilikuwepo. Ukitia saini uongo huo, nitakuona mtu wa namna gani?"

"Basi, yaishe," alisema Fundi Saa. "Nilikuwa nauliza tu."

Asubuhi alikwenda kituoni, akaandikisha maelezo. Ofisa aliyeandika alimsomea mara mbili, na mara zote mbili alisema ndivyo hasa. Mwishoni Fundi Saa alitia saini kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika tarehe ndogo ndogo ndani ya mifuniko ya saa. Njiani kurudi nyumbani alinunua maembe matatu kwa ajili ya binti.

Karatasi haikulala. Kampuni ya bima iliandika barua ikitaka kujua mwizi amechukuliwa hatua gani, maana bila hatua hailipi. Siku ya kumi na moja askari wawili walikwenda hospitalini. Binti alikuwa amerudishwa kazi nyepesi, kupima watoto uzito kwa mkono mmoja. Walimchukua kwenye mizani, mtoto wa watu akiwa bado ananing'inia. Mmoja wa wanawake waliokuwa kwenye foleni, bila hata kujificha, akafungua mkoba wake kuangalia kama vitu vyake vyote vimo.

Hayo Fundi Saa aliyasikia kwa mkewe, aliyeyasikia kwa wauguzi. Alikimbia kituoni, akasema anataka kufuta.

"Kufuta nini?" ofisa alimuuliza.

"Maelezo yangu. Ni mambo ya kifamilia."

"Unafuta kwa sababu umemsamehe, au kwa sababu yalikuwa ya uongo? Kama umemsamehe, vizuri, lakini kesi ni ya serikali, itaendelea. Kama ni ya uongo, kaa hapo kwenye benchi, nikuandikie kesi yako. Kudanganya polisi moja, kuilaghai bima mbili. Kwa umri huu, mzee, mbili hizo utazimalizia huko huko."

Fundi Saa alitazama lile benchi. Kisha akasema, "Nimemsamehe."

Binti alipewa dhamana akarudi nyumbani. Hakumuuliza baba yake neno. Kwa wiki tano aliishi naye nyumba moja, akimwamkia asubuhi, akimpimia presha kila Jumamosi kama alivyozoea, mkono mzima ukibonyeza pampu na mkono wa plasta ukishika daftari. Fundi Saa angeona nafuu kama angetukanwa.

Mahakamani alikaa mstari wa pili. Chumba kilikuwa na joto, feni haifanyi kazi, na saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika nane. Alijikuta anafikiria tatizo la saa hiyo, kama ni springi au uchafu, wakati hakimu anasoma shtaka.

"Umelisikia. Ni kweli au si kweli?"

Binti aligeuka, akamtafuta baba yake kati ya watu, akamwona. Hakumkazia macho kwa hasira. Alimtazama kama anavyomtazama mama mjamzito anayesubiriwa aamue, asukume au apumzike. Alimpa muda. Chumba kizima kilimpa muda, hata kama hakikujua. Ilikuwa ni kusimama tu. Ilikuwa ni kusema, "Mheshimiwa, ufunguo nilimpa mimi."

Fundi Saa aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Ni kweli, mheshimiwa," binti akasema. "Nililichukua bila kumwambia."

Mkewe aliyekaa pembeni yake alitoa pumzi kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Fundi Saa mwenyewe, na hili hakumwambia mtu hata siku moja, alihisi kifua kimefunguka. Na wazo la kwanza lililopita humo lilikuwa kwamba sasa Nyundo anaweza kuagiza madigadi.

Hukumu ilikuwa kifungo cha nje, mwaka mmoja. Hospitali haikungoja mwaka. Barua ya kumwachisha kazi ilikuja kabla ya plasta kutolewa, ikisema kwamba mtu mwenye hatia ya wizi hawezi kuachiwa wagonjwa na mali zao. Usiku huo mkewe alihamisha mto wake na shuka, akaenda kulala chumbani kwa binti.

Bima ililipa yote, bila kukata hata kidogo. Nyundo alifanya kazi miezi miwili. Aling'oa upande mzima, akanyoosha fremu kwa minyororo, akapiga puti, akapiga msasa, akapaka rangi tabaka sita. Siku ya kulikabidhi alilisukuma mpaka kwenye jua.

"Tafuta palipogongwa," alisema.

Fundi Saa alipitisha kiganja kuanzia taa hadi mlango. Pote palikuwa laini, baridi, kama shavu. Machozi yalimlengalenga. "Una mikono ya dhahabu wewe."

Nyundo alikuwa anafuta vidole kwa tambara. "Binti hajambo?"

"Yupo."

"Ile simu yako ya asubuhi ile naikumbuka. Namtuma binti yangu, mpokee."

Fundi Saa aliendelea kutazama rangi. "Mbona hukusema?"

"Nilingoja waje kuniuliza. Hawakuja." Nyundo alilikunja tambara. "Na nisikudanganye, sikuwatafuta. Kazi hii imelisha watu wanne hapa kwa miezi miwili. Kwa hiyo tusihukumiane, mzee. Chukua ufunguo wako."

Alilipeleka moja kwa moja hadi ofisi za bima, maana mkataba ulikuwa unakwisha siku hiyo na hakutaka kulala hata siku moja bila bima. Karani aliyemhudumia alikuwa mama mmoja mchangamfu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alimjazia fomu mwenyewe, akiuliza na kugonga mashine. Gari linalala wapi? Uani, chini ya paa la bati. Dereva? Mimi tu. Je, yupo mtu katika kaya yako aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la wizi?

Fundi Saa alisema hajasikia vizuri. Karani akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Lakini hilo mnalijua. Liko kwenye faili lenu."

"Ndiyo, mzee, nimeliona. Nauliza kwa sababu lazima ujibu wewe." Akavaa miwani. "Ni binti? Anakaa hapo hapo lilipo gari? Basi hapa hatuwezi. Hatuwezi kulikatia gari bima wakati mtu aliyeliiba analala nalo uani. Tunahitaji barua yako kwamba amehama. Una mpaka mwisho wa mwezi. Karatasi ninayo hapa, kama unataka kuandika sasa hivi, usije ukasumbuka kurudi."

Aliandika hapo hapo. Tarehe akaiweka chini, ndogo na safi.

Alimkuta binti uani, anaanika nguo. Mkono ulikuwa umepona vibaya kidogo. Hakuweza kubana kibanio kwa mkono wa kushoto. Fundi Saa alimweleza akiwa bado amekaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Niondoke lini?"

"Wamesema kabla ya mwezi kuisha. Nitakutafutia chumba kizuri. Ni kwa muda tu, mwanangu, mpaka mambo yatulie."

"Umeshaandika?"

"Ilikuwa lazima waione leo."

Binti alichukua ndoo, akaingia ndani.

Keshokutwa yake asubuhi pikapu ya kukodi ilisimama barabarani. Ilibidi vitu vibebwe mkononi kutoka ndani, kwa sababu gari lilikuwa limeziba njia ya getini, mpaka binti alipomwomba baba yake, kwa adabu, alisogeze. Alilitoa nje taratibu, akaliegesha kando ya ukuta. Kitanda kikapita, beseni likapita, likapita sanduku la vitabu vya ukunga. Kisha likapita begi la mkewe, na mkewe mwenyewe nyuma yake, kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani.

"Na wewe?" Fundi Saa aliuliza. "Barua haikukutaja wewe."

"Najua," mkewe akasema. Akapanda.

Dereva wa pikapu alikuwa akifunga kamba, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Akaja akalizunguka mara mbili, mikono nyuma, akiogopa kuligusa.

"Mzee, hongera. Kitu kama hiki sijawahi kukiona. Halijawahi hata kukwaruzwa?"

Binti yake alikuwa amekaa mbele, kioo wazi, hatua nne kutoka pale.

"Halijawahi," Fundi Saa akasema.

"Utarudi uliangalie siku nyingine," binti alimwambia dereva. "Twende, jua linakuwa kali."

Pikapu iliondoka ikiyumba kwa mzigo. Fundi Saa alibaki kando ya ukuta. Vumbi la pikapu lilipotulia juu ya boneti, alichomoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta.